Mbwa Wanaopimwa Jumamosi

Mwenye kituo cha mafuta alikuwa ameniambia nikiona tangi la maji lenye picha ya kwale nikate kushoto. Nilikuwa nimeendesha tangu alfajiri, na kwa saa mbili za mwisho sikuwa nimepishana na gari hata moja. Nikaliona tangi, nikakata kushoto, nikafika kwenye geti la Palo Seco saa nne asubuhi, mwezi wa Desemba, nikiwa na mabegi mawili na karatasi iliyosema kwamba trela namba kumi na tisa ni yangu mpaka nitakapoichoka.

Nikashuka kufungua geti. Kabla sijagusa komeo kipenga kikalia, kirefu, cha refa mwenye hasira.

"Wewe! Angalia juu!"

Niliangalia juu. Palikuwa na anga tupu.

"Sasa nguzo ya umeme. Sasa paa la chumba cha kufulia. Sasa ule mti. Umeona nini?"

"Sijaona kitu, mama."

"Basi sema 'kweupe', halafu ufungue. Na ufunge nyuma yako. Kuna mbwa nje."

Nikasema kweupe, nikafungua, nikaingia, nikafunga. Ndipo nilipomwona vizuri. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na minne, mfupi, mwenye kofia pana na magoti yaliyofungwa bandeji juu ya suruali. Kifuani alibeba kitu ndani ya kitambaa kilichofungwa begani kama mbeleko. Nilidhani ni mto, mpaka mto ulipokohoa. Alikuwa mbwa, chiwawa wa kahawia mwenye madoa meupe, mnene kiasi kwamba miguu yake minne ilionekana kama njiti zilizochomekwa kwenye kiazi. Alivaa kizibao cheusi chenye ukosi mgumu na safu tatu za miiba ya plastiki mgongoni, ndefu kama vidole vyangu.

"Huyu ni Pinto," akasema. "Mimi ni Verna Haugland. Trela yako inatazamana na yangu. Usimpe chakula, nampa mwenyewe."

Katika nchi hii, ambayo nimeishi nikitoka na kurudi kwa miaka mingi, wazee wengi wa kaskazini huikimbia theluji kila mwaka wakaja kukaa jangwani hadi joto litakapowafukuza tena. Palo Seco ilikuwa na wazee arobaini na mbwa thelathini na mmoja. Kanuni za kambi zilikataza mbwa mkubwa, kwa hiyo wote walikuwa wadogo, wa kubebeka kwa mkono mmoja, na jangwa lililowazunguka lilikuwa limeshaligundua hilo. Mwewe wa huko hawawindi peke yao. Wanakuja watatu, wanne, ukoo mzima, mmoja akitisha na wengine wakingoja upande wa pili. Jua likizama ni zamu ya bundi. Na kwenye korongo kavu nyuma ya trela walipita mbweha wa jangwani, ambao wenyewe huwaita kayoti, wakitembea kwa starehe kama watu wanaochagua nyanya sokoni.

Dhidi ya wote hao Palo Seco ilikuwa na Verna.

Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, wa tatu kati ya watoto saba. Alipofika miaka kumi na tisa aliingia kiwandani kushona viti vya ndege, na hakutoka humo kwa miaka thelathini na mmoja. "Watu wa dunia nzima wamekalia mishono yangu," aliniambia siku moja, "na hakuna hata mmoja aliyegeuka kuniambia ahsante." Alipostaafu alihamia jangwani na mumewe, Leland, pamoja na cherehani ya kiwandani yenye uzito wa ndama. Leland alikufa miaka sita kabla sijafika. Cherehani ilibaki, pamoja na marobota ya kitambaa cha viti kisichochanika. Kutokana na kitambaa hicho Verna alishona vizibao vya mbwa wote thelathini na mmoja. Kila kimoja alikikata kwa vipimo vya mbwa mwenyewe, na mishipi ya tumboni ilitokana na mikanda ile ya kujifungia wakati ndege inapaa.

Nilizoea kuamka kwa sauti ya mlango wake. Kwanza ulifunguka kiasi cha kupitisha pua. Kimya. Alikuwa akitazama nguzo, paa, mti. Kisha sauti yake, kavu: "Kweupe." Kisha yeye, na Pinto kifuani. Pinto alishushwa chini mara nne kwa siku, kwenye kipande cha majani bandia chenye ukubwa wa mkeka wa kuswalia, chini ya wavu. Alimaliza haja yake, akanyanyuliwa. Sikuwahi kumwona akipiga hatua kumi.

Jumamosi ya kwanza Verna alinigongea. "Njoo chumba cha kufulia. Leo tunapima."

Juu ya meza ya kukunjia nguo palikuwa na mizani ya kupimia watoto wachanga, ya zamani, yenye sinia jeupe na picha za bata zilizofifia. Ukutani palikuwa na ubao wenye majina ya mbwa wote na mbele ya kila jina ratili zake. Katikati ya ubao ulipita mstari mwekundu. Waliozidi ratili nane waliandikwa juu ya mstari, na waliopungua waliandikwa chini. Wazee walipanga foleni na mbwa zao wakiwa wamevuliwa vizibao, wakinywa kahawa na kula mikate laini iliyomwagiwa mchuzi mweupe wa soseji. Soseji nyingine zilipotelea chini ya meza, kwa wenye miguu minne.

"Weka mikono mbali na sinia, Orville," Verna alisema. "Nakuona."

"Sijamgusa! Ni mzito tu, Mungu amembariki." Orville Tackett alikuwa dereva wa treni aliyestaafu, mwenye miaka sabini na minane na tumbo la kuendana na umri. Mbwa wake, Duchess, alikaa kwenye sinia kama mkate ulioumuka ukamwagika nje ya chombo.

"Kumi na nusu."

Watu wakapiga makofi. Orville akainua kofia. "Mwewe atakayembeba huyu," alitangaza, "atahitaji treni."

"Na Pinto?" mtu aliuliza.

Verna alimweka Pinto mwenyewe. Tisa na nusu. Makofi tena. Pinto alikohoa, akatazama soseji.

Nilimuuliza Orville mambo haya yalianzaje. Alinivuta pembeni, akashusha sauti, ingawa sauti ya dereva wa treni haishuki sana. Verna alikuwa na mbwa kabla ya Pinto, jike mdogo mweusi aliyeitwa Sable, ratili tatu na nusu. Mwaka mmoja baada ya Leland kufa, jua likizama, bundi alimchukua. Walimtafuta siku mbili, wakakuta ukanda wake wa shingoni juu ya paa la chumba hiki hiki. "Alikaa ndani wiki nzima," Orville alisema. "Siku ya nane akatoka na hiyo mizani, sijui aliitoa wapi. Akasema Sable alikuwa mwepesi mno, hilo tu ndilo lililomponza. Bundi hawezi kuinua ratili nane. Basi, tukaanza kulisha. Na tangu siku hiyo, kijana, hapa hajabebwa mbwa hata mmoja."

Nilitaka kumwambia kwamba tangu siku hiyo pia walikuwa na vizibao, kipenga na watu arobaini wanaotazama angani kabla ya kufungua mlango. Lakini mgeni wa wiki moja hapingi mizani.

Kikohozi cha Pinto kilizidi mwezi wa Januari. Kilikuwa kikavu, kama mtu anayesugua sufuria, na kikimshika ulimi wake ulibadilika rangi. Asubuhi moja Verna alisimama mlangoni kwangu, kizibao cha Pinto mkononi, Pinto mwenyewe kifuani akihema.

"Unaendesha gari?"

"Naendesha."

"Basi endesha. Mimi nataka kumshika."

Daktari wa wanyama alikuwa mjini, dakika hamsini. Njia nzima Verna hakutazama barabara. Alikuwa akihesabu pumzi za Pinto kwa midomo, bila sauti.

Daktari Ximena Bracamonte alikuwa mwanamke mrefu mwenye mikono ya taratibu. Alimsikiliza Pinto kifuani kwa muda mrefu, akampapasa magoti, akampiga picha, akaizungusha skrini ili sote tuone. Aliuliza swali moja tu.

"Bi Verna, huyu mbwa anatembea lini?"

"Hatembei. Nambeba."

"Siku zote?"

"Siku zote. Kule kwetu kuna mwewe."

Daktari alivuta kiti akaketi ili macho yao yawe sawa. "Mwili wake ni wa ratili sita. Moyo huu unafanya kazi ya mbwa mmoja na nusu. Bomba lake la hewa limebanwa na mafuta, magoti yake yamelegea kwa sababu hayana misuli. Nitakupa dawa, lakini dawa itasaidia kidogo tu. Asipopungua ratili tatu, na asipotembea kwa miguu yake, sidhani kama ataiona Juni."

Verna alikuwa anakunja kizibao kwenye magoti, mshono juu ya mshono, kama anayetaka kukiweka kabatini.

"Akifika sita," alisema, "mwewe atamchukua."

"Mwewe hahitaji kumchukua. Wengi wanaoletwa hapa hawajabebwa popote. Wameshikwa chini, papo hapo walipokuwa. Wazito na wepesi."

"Wazito pia?"

"Wazito hawakimbii, Bi Verna."

Tukirudi, tulilipita tangi lenye picha ya kwale. Ndipo aliposema, akitazama mbele, "Nimekuwa nikimuua kwa kijiko." Nikaendelea kuendesha.

Siku iliyofuata trela namba kumi na nane, ya Verna, ilinuka maharage machanga ya kuchemsha. Pinto alipewa kijiko kimoja na nyuzi tatu za nyama ya kuku. Alikula kuku, akayatazama maharage, akamtazama Verna, akatazama tena maharage, kama mtu aliyeletewa oda ya meza nyingine. "Usinitazame hivyo," nilimsikia Verna akisema kupitia dirishani. "Ni daktari amesema. Mtazame daktari."

Kumlisha ilikuwa rahisi kuliko kumshusha. Siku ya kwanza ya mazoezi alimweka Pinto kwenye changarawe, akafungua mwavuli mkubwa wa Leland, mweusi, wa mazishi, akaushika juu yake. Wakaondoka hivyo, mbwa chini ya kivuli akiyumba, na mwanamke ameinama kando yake, mkono mmoja umenyooka na mwingine mgongoni. Hatua sita. Mapumziko. Hatua sita. Jua lilikuwa kali na hakuna wingu lililopita Palo Seco tangu Novemba.

Orville alikuwa kwenye kiti chake mbele ya trela yake, Duchess miguuni.

"Verna! Huko kwenu mvua inawanyeshea mbwa tu?"

"Inawanyeshea wote, mzee. Wewe hujaiona kwa sababu kofia imekufunika macho."

"Nasikia unamkondesha. Ni kweli? Unamwandalia mwewe chakula cha mgonjwa?"

"Daktari amesema."

"Daktari anaishi mjini. Mjini mwewe wao wanakula chipsi."

Watu walicheka. Verna hakucheka, wala hakuacha kutembea. Lakini Jumamosi ya tatu baada ya hapo, alipomweka Pinto kwenye sinia la bata, hakukuwa na cheko. Saba na robo tatu. Yeye mwenyewe alikuwa ameuchora ule mstari mwekundu miaka mitano nyuma; sasa alifuta jina la mbwa wake juu yake na kuliandika chini. Chumba kilinyamaza kama kanisa mtu anapotoka katikati ya mahubiri. Mwanamke mmoja aliyesimama karibu nami alisema polepole, si kwa ubaya, "Lakini wewe ndiye uliyetuambia." Verna alisikia. Alifunga kizibao cha Pinto, akapita katikati yetu, akasimama mlangoni, akatazama nguzo, paa, mti.

"Kweupe," akasema, akatoka.

Kuna jambo la wiki zile ambalo sikulielewa mpaka baadaye. Kadiri Pinto alivyozidi kutembea, ndivyo Verna alivyozidi kutomwona. Pinto alikuwa ameanza kunusa mawe. Siku moja alimfukuza mjusi hatua nne nzima, kitu cha ajabu, lakini Verna alikuwa na uso wake angani, na nilipomwambia aliniuliza, "Mjusi gani?"

Mwewe walikuja Februari, Jumanne, saa tatu asubuhi.

Verna alikuwa anatoa nguo chumba cha kufulia, tenga la plastiki kiunoni, Pinto kwenye mbeleko. Mimi nilikuwa nyuma yake nikimshikia mlango, kwa kuwa tulikuwa tumeshasema kweupe na kulikuwa kweupe kweli. Orville alikuwa kwenye kiti chake na kahawa yake. Duchess alikuwa amelala hatua mbili kutoka kwenye miguu yake, bila kizibao, kwani tangu Krismasi kizibao kilikuwa hakifungi tena, na Orville alikuwa amesema mbwa wa ratili kumi na moja hahitaji nguo.

Sikuona mwewe wa kwanza akishuka. Niliona tu kwamba Duchess sasa alikuwa na mabawa.

Mizani ilikuwa imesema kweli. Yule ndege hakuweza kumwinua hata kidole kimoja kutoka ardhini. Wala hakujaribu. Alitandaza mabawa juu yake kama mtu anayefunika chakula, akabana. Duchess alilia, akajaribu kuondoka, miguu yake mifupi ikakwangua changarawe pale pale. Mwewe wa pili alikuwa ameshatua, akija mbio kwa miguu, kama kuku. Orville alinyanyuka, akakanyaga kikombe, akaanguka chini pamoja na kiti.

Verna alimwaga nguo zote. Sijui nguvu za magoti yale alizipata wapi. Alikimbia na tenga mkono mmoja na shuka lililolowa mkono mwingine, akampiga mwewe nalo mara mbili, tatu, akitukana kwa maneno ya kiwandani, mpaka kucha zikaachia. Kisha akampindulia Duchess tenga juu, akaangukia tenga na kulikumbatia, Pinto akiwa amebanwa katikati ya kifua chake na plastiki. Mwewe watatu, maana wa tatu naye alikuwa amefika, walisimama chini, hatua tatu kutoka kwake, wakamtazama bila haraka. Nikapiga kelele nikirusha soksi, maana soksi ndizo zilizokuwa karibu. Waliruka hadi kwenye nguzo, wakakaa kwa mstari.

"Yu hai?" Orville aliuliza akiwa bado chini. "Verna. Verna, mpenzi. Yu hai?"

"Ananiuma vidole," Verna alisema, uso ukiwa kwenye matundu ya tenga. "Yu hai."

Daktari Bracamonte alimshona Duchess nyuzi kumi na tisa begani.

Jumamosi nilidhani hakutakuwa na mtu chumba cha kufulia. Nilikosea. Walikuja wote, na mikate, na mchuzi, lakini hakuna aliyempandisha mbwa wake kwenye sinia. Orville aliingia wa mwisho, Duchess amefungwa bandeji hadi shingoni. Watu wakampisha. Akamweka kwenye mizani, nadhani kwa mazoea tu, akabaki ameshika kofia, bila kusoma namba.

Verna alikuwa amesimama karibu na ubao. "Orville," alisema, "ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliyeileta mizani."

"Na tenga alileta nani?"

"Sikia kwanza..."

"Hapana, sikia wewe. Mimi ni mtu wa hasira, unanijua, nimemaliza miaka arobaini nikiwafokea ng'ombe relini. Usinifanye nimkasirikie mtu aliyenirudishia mbwa wangu."

Verna alitikisa kichwa. Alizungumza akiitazama mizani, kwa sauti ambayo hata wale wa nyuma, wanaovaa vifaa vya kusikia, waliipata. "Sable hakubebwa kwa sababu ya wepesi. Simu ililia. Nilidhani ni hospitali, kuhusu karatasi za Leland. Nikaenda kujibu, nikaacha mlango wazi na jua linazama. Dakika mbili. Haikuwa hata hospitali, alikuwa mtu anauza madirisha. Nilitaka iwe ni uzito. Uzito naweza kuupika. Mlango ulioachwa wazi ningeufanya nini?"

Nje ndege wadogo walikuwa wanapigania makombo. Orville aligeuza kofia mkononi, mzunguko mmoja, wa pili.

"Sasa hayo maharage yako," alisema hatimaye. "Unayachemsha dakika ngapi?"

"Nane. Usitie chumvi."

"Bila chumvi! Mungu wangu. Ataniacha huyu, ataenda kwa mwewe mwenyewe."

Hapo watu walicheka, cheko la kukohoa, la watu waliokuwa wameshikilia pumzi, na mtu akamwomba Verna aandike dakika nane ubaoni ili wasisahau. Mizani haikuondolewa. Inaendelea kutumika mpaka leo. Ila mstari mwekundu umefutwa, na Verna alimaliza mwezi wa Machi akifumua na kushona upya vizibao vyote thelathini na kimoja, maana mbwa walikuwa wanapungua ndani yake kama watoto waliovaa makoti ya baba zao. Mwewe nao hawakuondoka. Waliendelea kukaa kwenye nguzo asubuhi, na sisi tuliendelea kusema kweupe.

Aprili joto lilianza kupanda na trela zikaanza kufungwa moja moja. Verna alikuwa anakwenda kwa dada yake, kwenye lile shamba la ng'ombe, hadi Oktoba. Mimi nilikuwa nimeamua kubaki kiangazi; nilikuwa na kazi ya kuandika na sikuwa na mtu wa kunikimbiza. Siku ya safari nilimpakilia mabegi na kile kitanda cha Pinto. Cherehani ilibaki. Hakuna ambaye angeweza kuiinua.

Gari lilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni, kwenye changarawe tupu, bila wavu. Orville alikuwa ameondoka siku mbili kabla, akiimba, Duchess akitazama nje ya dirisha. Pinto alikuwa na ratili sita na robo. Hakuwa amekohoa tangu katikati ya Machi.

Verna alitoka amembeba. Alitazama nguzo, paa, mti. Mwewe mmoja alikuwa juu ya nguzo, akijisafisha manyoya ya bawa. Nilidhani atarudi ndani angoje, kama kawaida. Alisimama tu. Mwavuli wa Leland ulikuwa umeegemea ukuta, karibu na mkono wake.

"Nina ombi," aliniambia.

"Sema, Verna."

"Wewe mwangalie yule. Usimwondolee macho hata kidogo, hata nikikuita. Akifungua bawa, piga hiki." Akanivisha kipenga shingoni. "Mimi nataka kumwona Pinto akitembea. Daktari anasema anatembea vizuri, na wewe umeniambia habari za mjusi. Miezi mitatu natembea naye na sijamwona."

Basi siwezi kueleza Pinto alivyotembea, kwa sababu sikuona. Niliona nguzo ya umeme, na juu yake ndege wa rangi ya kutu anayegeuza kichwa taratibu, akitufikiria. Nilisikia Verna akiinama, magoti yakilia. Nilisikia kucha ndogo zikigusa changarawe, haraka haraka, kisha zikanyamaza.

"Amesimama," nilisema, macho juu. "Kuna nini?"

"Ananusa jiwe."

Mwewe alihamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Nilitia kipenga mdomoni.

"Ananusa jiwe jingine," Verna alisema. Sauti yake ilikuwa inatoka chini, nadhani alikuwa amepiga magoti. "Sasa anainua mguu. Tazama bwana mkubwa huyu. Katikati ya uwanja, hana haraka hata kidogo."

"Verna."

"Najua. Mwache amalize."

Alimaliza. Kucha zilianza tena, zikashika mwendo, zikawa mbio, mbio za kweli, na nyuma yake viatu vya Verna, na Verna akicheka kama msichana wa kiwandani zamu inapoisha. Mlango wa gari ulifungwa. Injini ikawaka.

"Kweupe?" alipaza sauti.

Mwewe alikuwa bado ananitazama. Sikujibu, maana nilikuwa na kipenga mdomoni. Nilinyanyua mkono tu. Changarawe ikasagika, geti likafunguka, likafungwa, na gari likashika njia ya kuelekea kwenye tangi la maji. Niliendelea kumtazama yule ndege mpaka sauti ya injini ilipopotea kabisa.